Tarehe Moja Haitoshi: Hedhi Isiyo na Mpangilio na Wajibu wa Kliniki Zetu



Katika kikao kimoja cha kupitia mtaala wa wauguzi na wakunga, mwenzangu ninayemheshimu alipinga somo la hedhi isiyo na mpangilio kuongezewa saa. Alisema kwamba katika nchi ambayo wanawake bado wanafia uzazini, hedhi inayoruka ni ya kushughulikiwa pale tu mwanamke anapotafuta mtoto. Msichana asiyetafuta mimba aambiwe asubiri. Akiolewa na kuzaa, siku zake zitakaa sawa zenyewe. Kikao kilimuunga mkono. Mhadhara huu ni jibu langu kwake.

Sitaeleza jinsi ubongo na ovari zinavyopelekeana homoni; wanafunzi wa mwaka wa pili wanalijua hilo. Nataka kuishika hoja yenyewe, maana inasikika kila siku kliniki, misibani na harusini, na ina makosa manne.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba hedhi ni habari ya mimba peke yake. Yai lisipopevuka mwezi baada ya mwezi, ovari huendelea kutoa estrojeni bila projesteroni ya kuidhibiti, na utando wa ndani wa mji wa mimba huzidi kunenepa. Mama anakaa miezi 4 bila kuona siku zake, kisha anatokwa na damu wiki 3 mfululizo. Miaka ikipita hivyo, utando huo unaweza kugeuka saratani. Tatizo la ovari zenye vifuko vingi, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha hali hii, humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Huyu anahitaji kinga hata kama hataki mtoto maishani mwake.

Kosa la pili ni kusahau damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hedhi siyo sababu pekee. Kuna malaria, minyoo na lishe duni. Lakini mwanamke anayetokwa na damu nyingi kila mara huingia katika ujauzito akiwa hana akiba, na akivuja damu baada ya kujifungua, hufariki haraka kuliko mwenzake. Mwenzangu aliwataja wanawake wanaofia uzazini ili tuiache hedhi. Mimi nasema hao hao ndio sababu ya kuishughulikia mapema.

Kosa la tatu linahusu uzazi wa mpango. Njia zinazotumika zaidi nchini ni sindano na vijiti, na zote mbili hubadilisha hedhi: wengine hupata matone ya kila mara, wengine hukosa siku zao kabisa. Mwanamke asiyeelezwa mapema hudhani damu imeganda tumboni na kumtia sumu, naye huiacha njia hiyo. Anarudi kliniki akiwa na mimba asiyoipanga. Muuguzi asiyejua kuzungumza habari za hedhi hawezi kulinda mpango wowote wa uzazi.

Kosa la nne ndilo linaloniumiza zaidi. Tezi ya shingo iliyolegea haitibiwi na ndoa. Homoni ya maziwa iliyopanda bila sababu, kifua kikuu cha kizazi, mwili uliokonda kwa njaa au mazoezi makali, hakuna hata kimoja kinachoponywa na harusi. Tunamwambia binti wa miaka 17 kwamba mtoto ndiye dawa, ilhali yai lisilopevuka ndilo litakalomnyima mtoto. Akishaolewa na mimba isishike, lawama humwangukia yeye.

Haki niitende: kuhusu miaka ya mwanzo mwenzangu hakukosea. Msichana aliyevunja ungo karibuni anaweza kupata hedhi kila baada ya siku 21 au hata 45, na hiyo si ugonjwa. Lakini subira ina mpaka. Chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani kiliweka mpaka huo wazi mwaka 2015: msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, anayetokwa na damu zaidi ya siku 7, au aliyepitisha siku 90 kati ya hedhi mbili hata mara moja tu, achunguzwe.

Mpaka huo haupimiki bila kuhesabu siku, kwa hiyo niwapeleke sasa kwenye kazi ambayo sichoki kuisoma. Mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu wa takwimu aitwaye Alan Treloar aliwaomba wanafunzi wa kike waweke alama kwenye kadi za kalenda kila walipopata hedhi. Hakuwapima damu wala hakuwalaza hospitali. Wanawake wale walimaliza masomo, wakaolewa, wakahama miji, wakazaa, wakafika ukomo wa hedhi, na bado waliendelea kutuma kadi zao mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1967 Treloar na wenzake walichapisha matokeo ya zaidi ya wanawake 2,700. Walionyesha kwamba mzunguko huyumba zaidi katika miaka inayofuata kuvunja ungo na ile inayotangulia ukomo wa hedhi. Katikati hutulia, ingawa kila mwanamke ana mwendo wake. Siku 28 tunazofundisha kama sheria hazikuwa sheria ya mtu yeyote. Mwaka 2019, uchambuzi wa mizunguko zaidi ya 600,000 iliyorekodiwa kwa simu ulikuta ni asilimia 13 tu iliyokuwa ya siku 28.

Najua pingamizi. Wanawake wa Treloar walikuwa wasomi, wengi wao Wazungu, walioshiba. Wengine watauliza kama mama asiyejua kusoma ataweza kuweka kumbukumbu. Nimelipima hilo kwa miaka mingi, na jibu langu limebaki lile lile: ataweza. Nimelelewa na mwanamke wa namna hiyo. Bibi yangu wa Pangani hakuingia darasani, lakini kila baada ya Ramadhani alikuwa na saumu za kulipa kwa siku alizokuwa katika hedhi. Mafakihi wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa pwani yetu, walisema hedhi haizidi siku 15, na usafi kati ya hedhi mbili haupungui siku 15. Damu inayopita hapo ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, na mwanamke hurejea kwenye ada yake, yaani siku zake za kawaida. Ada haijulikani bila hesabu. Bibi alichora mistari ya mkaa nyuma ya mlango, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kwa hiyo nashikilia hivi: kipimo cha kwanza cha hedhi ni kumbukumbu ya mwanamke mwenyewe. Kliniki zetu huuliza swali moja, hedhi yako ya mwisho ilianza lini? Hilo ni swali la kuhesabia umri wa mimba. Tuulize tarehe nne za mwisho, maana tarehe nne hutoa mizunguko mitatu, na tuulize damu ilitoka siku ngapi. Baada ya hapo kipimo cha mimba kifuate, kisha njia ya uzazi wa mpango anayotumia, wingi wa damu, tezi ya shingo, homoni ya maziwa, na picha ya kizazi inapohitajika.

Matibabu yapo. Mwenye ovari zenye vifuko vingi na uzito uliozidi, akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, yai linaweza kuanza kupevuka tena. Vidonge vya majira hupanga damu na kulinda utando, lakini aelezwe kwamba damu ile huja kwa sababu vidonge vimesitishwa, si kwa sababu yai limepevuka. Kwa anayetafuta mtoto zipo dawa za kupevusha yai. Dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa mitaani asizinunue: kizazi hakihitaji kuoshwa.

Wenzangu wa mtaala, nawaomba mlirudishe somo hili mezani. Akina mama, kila binti aliyevunja ungo apewe kalenda na kalamu, na siku 90 zikipita bila hedhi, mpelekeni hospitali. Msimwambie asubiri mume.