Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Leo, Jumapili ya 15 ya mwaka C, Mama Kanisa anatutangazia katika Injili ya Luka habari za Msamaria mwema. Tumeisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, hata pengine masikio yetu yameizoea mno. Basi leo tuitazame kwa macho ya muuguzi. Msamaria alimkaribia majeruhi, akayatia majeraha yake mafuta na divai, akayafunga. Akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamtunza. Kulipokucha akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akatoa dinari mbili na kuahidi kurudi. Hiyo ndiyo kazi ya uuguzi, mwanzo hadi mwisho. Nayo ilifanywa na mgeni, mtu wa taifa lililodharauliwa. Wahenga wetu walilijua jambo hilo waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wapendwa, wako wana wetu wengi wanaotamani kuwa wageni wa namna hiyo. Mwezi Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya wasio na ajira kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Lakini njia ya kuifikia wodi ya ugenini ni ndefu kuliko safari ya ndege. Muuguzi hana budi kuandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la nchi ile. Huthibitisha kwanza Kiingereza chake. Hufanya kwa kompyuta mtihani wa hesabu za dawa na maarifa ya uuguzi. Kisha, akiisha kufika kule, hufanya mtihani wa vitendo wenye vituo kumi, huku mtahini akimtazama jinsi anavyompokea mgonjwa na kumhudumia.

Hebu tumfikirie muuguzi bingwa, aliyekwisha kupata stashahada ya juu katika uuguzi wa wagonjwa mahututi. Kwa miaka mingi amekesha kando ya mashine za kupumulia, na madaktari vijana wamemwendea kutaka shauri. Daftari la wauguzi la Uingereza lina sehemu ya wauguzi wa watu wazima, ya watoto, ya afya ya akili, na ya watu wenye ulemavu wa kujifunza. Sehemu ya wagonjwa mahututi haimo. Kwa hiyo bingwa wetu huandikwa muuguzi wa watu wazima, na mara nyingi huanzia mshahara wa aliyehitimu juzi. Tena, kabla hajafaulu ule mtihani wa vitendo, hufanya kazi chini ya wengine kama msaidizi. Aliyekuwa mwalimu ameketi tena kwenye benchi la wanafunzi.

Je, tuseme kwamba kumpima hivyo ni dhuluma? Hapana. Tukumbuke kwamba yule mtu wa njia ya Yeriko aliachwa nusu mfu. Hakuwa na nguvu ya kumwuliza Msamaria: umejifunza wapi, na dawa hii waijua? Mgonjwa aliyepoteza fahamu naye hawezi kuuliza. Ndiyo maana sheria humwulizia. Kama sisi ndio tungelala pale kitandani, tungetaka tuulizwe hivyo kwa niaba yetu. Na Kenya nayo haimruhusu muuguzi aliyesomea ng'ambo kuhudumia wagonjwa wetu bila leseni ya hapa. Swali hilo ni la haki, ilimradi linaulizwa bila dharau.

Dhambi inapoingia ni pale tunapoufanya mtihani kuwa kipimo cha mtu mzima. Mwaka huo wa 2021 Waziri wa Afya wa Kenya alieleza kwamba, katika wauguzi wapatao 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Ndugu zangu, wengi wetu tulifanya nini siku ile? Tulicheka. Tuliwacheka watu waliotuzalisha wake zetu, waliotufunga vidonda vyetu, waliowafumba macho wazee wetu kwa heshima. Kuhani na Mlawi walipita kando kimya. Sisi tulipita tukicheka.

Basi yatupasa kubadilika katika mambo matatu.

Kwanza, tusiwatwike wana wetu mzigo wa kutofeli. Tunapofanya harambee ya kumsafirisha muuguzi, tumpe fedha yetu pamoja na ruhusa ya kurudi. Wako waliokwama kule, wanaogopa kupiga simu nyumbani, kwa kuwa kijiji kizima kinasubiri nyumba ya mawe. Jumuiya ndogo ndogo na zimwandikie aliyefeli kabla hazijamwandikia aliyefaulu.

Pili, tujihadhari na wanyang'anyi wa njia ya Yeriko. Kanuni za Uingereza za kuwaajiri wahudumu wa afya zinamkataza wakala kumtoza mwombaji ada ya kumtafutia kazi. Ada za mitihani na za kujiandikisha zipo. Lakini anayedai fedha ili akupatie nafasi ya kazi, huyo akuvua nguo. Makatekista, lisemeni jambo hili waziwazi baada ya ibada, maana wako wazazi wanaouza shamba kwa ajili ya ahadi za namna hiyo.

Tatu, tuwaulize wanaotutawala. Inakuwaje muuguzi akae nyumbani bila ajira, ilhali katika wodi zetu mwenzake mmoja anahudumia wagonjwa wasio na idadi? Mwaka 2010 mataifa, katika Shirika la Afya Duniani, yalikubaliana juu ya kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi za nje, ili nchi zenye upungufu zisiachwe tupu. Atakaye kwenda aende kwa hiari, wala asisukumwe na njaa.

Nawe muuguzi unayetusikiliza usiku wa zamu yako, huku au ugenini: ukifaulu, mshukuru Mungu. Usipofaulu, jua kwamba wale uliowauguza hawakufutwa pamoja na alama zako. Msamaria hatujui hata jina lake; twajua tu kwamba alisimama, akainama.

Tuombe. Ee Bwana, mganga wa roho na miili, uwe pamoja na wauguzi wote walio ugenini. Wape wenyeji wao macho ya kuutambua ujuzi walio nao, nasi utuondolee kicheko cha wapita njia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.