Gati la Maji Kupwa: Kuboresha Vituo vya Vivuko kwa Wakazi wa Visiwani

Katika mwambao wa Afrika Mashariki bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kama gati linafaa. Gati linalopendeza siku ya uzinduzi, maji yakiwa yamejaa, laweza kuwa ukuta mrefu uliosimama juu ya tope saa sita baadaye, mashua ikiwa imekwama mbali na abiria wakijikokota na mizigo yao kichwani.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo, kuanzia Unguja hadi Mafia, maji hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne asubuhi ndiyo saa ya hospitali, ya benki na ya ofisi za wilaya. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50, hivyo kivuko kinachotegemea maji kujaa hakiwezi kuwa na ratiba ambayo mgonjwa, mwalimu au mfanyabiashara atapangia wiki yake. Si kwamba watu wa visiwani hawaijui bahari. Nahodha wa kisiwa cha Jibondo huyasoma maji bila jedwali. Wanachokosa ni gati linalokwenda na maji.

Mafia ni mfano ulio wazi. Kisiwa hicho cha Mkoa wa Pwani, chenye wakazi zaidi ya 60,000, kimetenganishwa na bara kwa mlango wa bahari unaopakana na delta ya Rufiji. Kwa miaka mingi msafiri kutoka Dar es Salaam aliiacha barabara ya Kilwa pale Bungu, akafika Nyamisati kwenye pwani ya bara, akangoja maji, kisha akapanda mashua. Upande wa kisiwani, huko Kilindoni, kabla ya kuwepo gati, aliteremka ndani ya maji na kutembea hadi ufukoni. Waliokuwa hawajiwezi walibebwa mabegani. Gati la Kilindoni lilijengwa katika miaka ya 2010, la Nyamisati likafuata, na baadaye kivuko cha MV Kilindoni kikaanza kuvusha watu na magari. Njia ya bahari ina ncha mbili, na haiwezi kubeba zaidi ya kile kinachopita kwenye ncha iliyo dhaifu. Gati la kisiwani peke yake halikumfaa mtu aliyekuwa bado amekwama kwenye tope la upande wa bara. Mipango mingi ya kuboresha vituo hukosea hapo: hutengeneza upande ulio karibu na mji, upande wa pili ukaachwa usubiri bajeti nyingine.

Nyamisati ina shida yake pia. Mto Rufiji hushusha tope jingi katika delta, na mikondo hulihamisha msimu hadi msimu. Lamu, Kenya, nako mkondo mwembamba wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, umewangojesha maji wasafiri wa kisiwa cha Pate kwa vizazi. Kuchimba kina mahali kama hapo husaidia, ila tope hurudi. Mpango wa kweli huandika tangu mwanzo lini patachimbwa tena na kwa fedha ipi, na hauigusi mikoko ya kandokando, ambayo mizizi yake ndiyo inayolizuia tope lisimwagike lote mkondoni.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, uko katika zile hatua chache kati ya chombo na nchi kavu. Mara nyingi hujengwa ngazi za saruji ubavuni mwa gati, kwa kuwa ni rahisi. Vidato vya chini, vinavyofunikwa na maji kila siku, huota mwani na kushikwa na chaza: mwani huteleza, chaza hukata. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi hana mkono wa tatu wa kushika kamba. Palipo na kina cha kutosha, gati la kuelea ni bora zaidi. Jukwaa lake hupanda na kushuka na maji likishikiliwa na nguzo, na daraja lenye bawaba huliunganisha na nchi kavu, hivyo abiria hukuta sakafu ikikaribiana na ubavu wa chombo saa yoyote. Hesabu ngumu ni ya daraja. Maji yakishuka mita 4, daraja la mita 20 hushuka mita 1 kwa kila mita 5, mteremko unaomshinda hata kijana mwenye tenga la samaki. Kiti cha magurudumu huhitaji mteremko usiozidi mita 1 kwa kila mita 12, yaani daraja la karibu mita 48. Ni ghali, na gharama hiyo inastahili kulipwa, kwa sababu machela ya mgonjwa hupita palepale.

Kituo pia ndipo mahali pa kuwajua na kuwahesabu wanaosafiri. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka tarehe 29 Aprili 1994 karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272. MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba na abiria wengi kupita kiasi. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia gati la Ukara, Ziwa Victoria, ikaua zaidi ya watu 200. Vyombo vyote vitatu vilijazwa gatini, mbele ya macho ya watu. Uzio, lango moja la kupandia, tiketi inayokatwa nchi kavu na mtu mwenye mamlaka ya kulifunga lango nafasi zinapokwisha: hivi vina uzito sawa na nguzo za gati. Kivuli, maji ya kunywa, taa na choo kinachofungika vinatakiwa pia, hasa kwa wanawake wanaongoja usiku.

Baada ya ujenzi, chumvi huanza kazi. Hupenya kwenye saruji hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu na kuvimba, saruji hupasuka. Sehemu inayoloa na kukauka kila siku ndiyo huumia kwanza. Nyufa zikizibwa mapema gharama huwa ndogo. Zikiachwa, hubaki kuvunja na kujenga upya. Kwa hiyo fedha za ukaguzi na matengenezo hutengwa tangu mwaka wa kwanza, na ukaguzi wenyewe hufanywa wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa na miguu ya gati ikiwa wazi.