Dharura Baharini: Usikiache Chombo Maadamu Kinaelea

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa Kaunti ya Lamu kwa manahodha, wavuvi na abiria, gatini Mokowe



Sikuja kumfundisha nahodha bahari. Hapa wamo wazee walioshika usukani kabla sijazaliwa. Nimekuja kwa sababu katika kaunti yetu boti ndiyo matatu na ndiyo ambulansi. Mwanafunzi wa Kizingitini huipanda, mgonjwa wa Kiwayu huipanda, na mama anayepeleka bidhaa sokoni huipanda. Kwa hivyo dharura baharini si jambo la wavuvi pekee. Kila abiria anapaswa kujua la kufanya.

Nitasema mengi, lakini moja naomba mwende nalo nyumbani: chombo kikipatwa na shida, usikiache maadamu kinaelea.

Mtu akiona mikoko mbele yake hudhani amefika. Lakini wakati wa bamvua, maji yanapopwa, mkondo wa milangoni humshinda hata mwogeleaji hodari. Chombo cha mbao kikijaa maji au kikipinduka, mara nyingi bado huelea. Kishikilieni, na anayeweza apande juu ya mgongo wake. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ni kama nazi, hakionekani. Mashua iliyopinduka huonekana kwa mbali, na hiyo ndiyo waokoaji watakayoitafuta.

Wala ukaribu wa nchi kavu si usalama. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka kule Mombasa karibu kabisa na gati, ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Watu 272 walipoteza maisha.

Sasa tuangalie shida zenyewe.

Ya kwanza ni mashine kuzima. Usianze kwa kuvuta kamba ya mashine mpaka mikono ichoke huku chombo kinachukuliwa. Kama kina ni kifupi, tia nanga kwanza, kisha ndipo uangalie petroli, plagi na mpira wa mafuta. Mkumbuke maji yanakopeleka. Wakati wa kusi, mkondo wa pwani yetu hukimbilia kaskazini. Wakati wa kaskazi, mikondo miwili hukutana upande wetu huu na kugeukia bahari kuu, na chombo kisicho na mashine kinaweza kwenda nayo. Nanga isipofika chini, funga ndoo au tanga kwenye kamba, uifunge omoni na kuitupa majini. Itapunguza mwendo na kuifanya omo ikabili mawimbi. Chombo kinachopigwa ubavuni ndicho kinachopinduka.

Ya pili ni maji kuingia. Abiria wakae chini, katikati, wasihamie wote upande mmoja. Tafuta panapovuja, paziba kwa nguo au chochote kilichopo, na watu wapokezane kutoa maji kwa ndoo. Ikibidi, mizigo itupwe. Gunia la mchele litanunuliwa tena.

Ya tatu ni mtu kuanguka majini. Mmoja apige kelele na kumnyooshea kidole bila kuondoa macho, kwa sababu ukigeuka mara moja tu huenda usimwone tena. Mtupieni boya au dumu tupu lililofungwa kizibo. Mkimkaribia, mashine izimwe kabla hajafikiwa, maana panga la mashine halichagui. Wawili wamvute ndani, wengine wakae upande wa pili ili chombo kisilale. Asiyejua kuogelea asiruke kumfuata.

Katika yote hayo, anayeamuru ni mmoja. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Abiria, mkiambiwa kaeni, kaeni.

Kisha iteni msaada mapema, kabla betri na jua havijaisha. Mwenye redio ya baharini atumie chaneli 16, ataje jina la chombo, mahali kilipo, shida yenyewe na idadi ya watu. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini, na Kikosi cha Walinzi wa Pwani ya Kenya nacho kipo kwa kazi hiyo. Kwa simu, piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mtandao ukiwa dhaifu, tuma ujumbe mfupi, unaweza kupita pale sauti inaposhindwa. Mkiona chombo kingine, nyoosheni mikono yote miwili pembeni, muiinue na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ni ishara ya hatari inayojulikana dunia nzima. Leso yenye rangi kali juu ya kasia nayo husaidia, na kioo kinachomulika jua mchana.

Mkisubiri, msinywe maji ya bahari, yanaongeza kiu. Watoto na wazee wakingwe jua kwa tanga au turubai.

Ndugu zangu, hayo yote hutegemea mambo mawili yanayofanyika hapa gatini. Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe kabla kamba haijafunguliwa. Tunaziona zikikaliwa kama mito, au zimefungwa chini ya turubai omoni. Chombo kikipinduka hakuna atakayepata nafasi ya kuzifungua. Abiria, usipopewa jaketi, idai, nauli umelipa.

Jambo la pili, mtu aliyebaki nchi kavu ajue mko wangapi, mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Mvuvi aandikishe kwa BMU, abiria waandikwe majina. Saa ikipita hawajafika, mwenye orodha apige simu wakati huo huo, asingoje mapambazuko. Na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo mkali, hasa miezi ya kusi, safari iahirishwe. Abiria asimshurutishe nahodha aliyekataa kung'oa nanga. Anamlinda.

Tahadhari kabla ya hatari. Twendeni salama, turudi salama.