Hofu ya Watu Inatibika, Hata kwa Intaneti

Hofu ya kuwa mbele za watu inaweza kuzidi aibu ya kawaida. Ikizuia kazi, masomo au urafiki, ni ugonjwa. Na ugonjwa huu unatibika.

Mwenye hofu hii huogopa kutazamwa na kuhukumiwa. Akiitwa kusema kikaoni, moyo humwenda mbio, viganja hulowa jasho, sauti hukwama. Simu ikiita, huiacha mpaka ikatike. Kadiri anavyokwepa watu, ndivyo hofu inavyokomaa.

Tiba yake kubwa ni ya mazungumzo. Siku hizi hutolewa pia kwa intaneti. Nchini Uswidi, kliniki ya umma jijini Stockholm imekuwa ikitoa tiba za namna hii tangu mwaka 2007. Mgonjwa hupewa masomo hatua kwa hatua. Huandika anachokiogopa, kisha hukijaribu kidogo kidogo. Leo anamuuliza muuza duka bei. Kesho anampigia simu mtu asiyemzoea. Mtaalamu husoma majibu yake na kumwandikia ushauri. Utafiti umeonyesha kuwa njia hii huwasaidia wengi.

Lakini kusoma tu hakutoshi. Mazoezi lazima yafanyike mbele za watu.

Mwenye dalili hizi aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Kabla ya kulipia tiba ya mtandaoni, aulize mambo mawili: Je, mtaalamu amesajiliwa? Je, siri za mgonjwa zinalindwaje? Anayewaza kujiua asisubiri intaneti. Apelekwe hospitali mara moja.

Msikilizaji, hofu ya watu ni ugonjwa, na unatibika. Tafuta msaada mapema.