Tutoe Damu Kabla ya Kuombwa



Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu Kagera. Tangu hapo wengi wetu tuliiogopa damu ya hospitali. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, lakini isitutawale daima. Mwaka 2004 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, nayo damu itolewayo hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende.

Wanaoihitaji ni mama atokwaye na damu nyingi akijifungua, na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Tukingoja hadi jamaa watafutwe, ataumia asiye na jamaa. Wakimbizi waliovuka Rusumo kuingia Ngara mwezi Aprili 1994 walitufundisha kwamba mgeni hana ukoo karibu, lakini anayo haki ya kuishi.

Mtu mzima mwenye afya njema, na uzito usiopungua kilo 50, aweza kutoa: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mjamzito na anyonyeshaye wasitoe. Damu haidumu ghalani ila wiki chache. Hivyo kutoa mara moja hakutoshi. Tena haiuzwi: anayemdai mgonjwa fedha kwa ajili yake amdhulumu maskini.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Ngara na Biharamulo, tuyafundishe haya pamoja na matumizi ya chandarua na kuwahi kliniki. Azuiaye malaria naye ameokoa damu.