Akiba Isiyofunguliwa Si Akiba



Wazee wetu walituachia usemi kwamba akiba haiozi. Ni usemi wa haki kabisa kwa mtu aliyeweka shilingi zake kibindoni. Lakini iko akiba nyingine ambayo huoza, tena huoza kimya kimya, bila harufu na bila funza, na mwenyewe huja kugundua siku ile ile anayoihitaji. Nayo ni akiba ya kazi iliyowekwa ndani ya kompyuta. Hiyo ndiyo nataka tuizungumzie leo.

Siku hizi hata ofisi ndogo yenye vijana watano wanaotengeneza programu huwa na mashine moja iliyowekwa pembeni, inayoitwa seva. Kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Humo ndimo vijana huweka kila wanachokiandika mchana kutwa, humo ndimo hukijaribu, na mara nyingi humo ndimo hukaa kumbukumbu za wateja, zikiwa zimepangwa katika kitu kiitwacho hifadhidata. Sehemu kubwa ya seva za namna hii huendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Uzuri wake ni kwamba mtu anaweza kuutumia bila kununua leseni, na akitaka anaweza kuufungua ndani aone ulivyoundwa. Kwa ofisi isiyo na fedha nyingi, hilo si jambo dogo.

Mimi mwenyewe natunza seva moja ya aina hiyo, kwa hiyo ninayoyasema si ya kusikia tu.

Seva, kama lilivyo gari, ina matengenezo yake. Kila toleo la mfumo lina muda wa kuhudumiwa, na muda huo ukiisha watengenezaji hawazibi tena matundu yanayogunduliwa. CentOS 7, toleo la Linux lililoenea sana maofisini, lilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Anayeliendesha baada ya siku hiyo bila kutafuta huduma nyingine amelala mlango wazi. Kwa hiyo kupandisha toleo ni jambo la lazima, halina hiari. Lakini hapo hapo ndipo penye hatari, maana unapobadilisha kitu kimoja katika mashine, kipo kingine kilichokuwa kikikitegemea bila wewe kujua.

Hebu niwape mfano uliotokea kweli, na wenyewe hawakuuficha.

Iko kampuni iitwayo GitLab, ambayo huwapa watengenezaji wa programu duniani mahali pa kuweka kazi zao na kushirikiana. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, seva yao ya hifadhidata ilielemewa na mzigo usio wa kawaida. Seva ya pili, iliyokuwa pacha wake na kazi yake kuiga kila kinachoandikwa katika ile ya kwanza, ikaachwa nyuma mpaka ikashindwa kufuatia. Fundi mmoja, ambaye alikuwa karibu kufunga kazi kwa sababu usiku ulikuwa umekwenda, akabaki ili airekebishe.

Njia ya kuirekebisha ilikuwa ni kufuta yaliyomo katika ile pacha na kuinakili upya kutoka seva kuu. Alipotoa amri ya kunakili, programu ilikaa kimya, haisemi neno. Kumbe ilikuwa ikingoja tu seva kuu iwe tayari, lakini haikuonyesha chochote kwenye skrini. Fundi akadhani huenda folda ya zamani iliyobaki ndiyo inayoleta kizuizi. Akaamua kuifuta. Sekunde moja au mbili baadaye akatambua kwamba amri ile ameitoa kwenye seva kuu, wala si kwenye pacha. Akaisimamisha, lakini maji yalikwisha kumwagika. Katika gigabaiti 300 hivi za kumbukumbu, zilibaki 4.5 tu. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa nane na nusu usiku, kuamkia tarehe 1 Februari.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana somo lenyewe haliko kwenye kidole cha yule fundi. Somo liko katika yaliyofuata.

Walikwenda kutafuta nakala za akiba. Kulikuwa na utaratibu wa kunakili hifadhidata yote kila siku na kuipeleka katika ghala la mbali. Walipolifungua ghala wakakuta hakuna kitu. Sababu yake? Hifadhidata yao, iitwayo PostgreSQL, ilikuwa imekwisha pandishwa hadi toleo la 9.6, lakini programu ya kunakili iliyokuwa ikiitwa kila siku ilikuwa ya toleo la 9.2. Programu hiyo ina desturi nzuri: ikikuta hifadhidata ni mpya kuliko yenyewe, hukataa kazi, kwani haiwezi kuhakikisha inachonakili ni sahihi. Basi kila siku ilikuwa ikikataa, na kila ilipokataa ilituma barua pepe ya kutoa taarifa. Barua zile hazikumfikia mtu. Mtambo wa kupokea barua ulizirudisha, kwa sababu hazikuwa na sahihi ya uthibitisho inayotakiwa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kila mtu pale aliona kimya na akadhani kimya ni amani.

Palikuwa na njia nyingine, ya kupiga picha ya diski nzima. Lakini kwa seva za hifadhidata njia hiyo haikuwa imewashwa, maana walidhani zile nyingine zinatosha. Kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba katika njia tano za akiba na kunakili walizokuwa nazo, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kwa kutegemewa.

Kilichowaokoa ni nini? Ni nakala moja iliyochukuliwa yapata saa sita kabla ya ajali, kwa mkono, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Na aliyeichukua ni fundi yule yule aliyefuta. Kwa nakala hiyo huduma ilirudi siku ile ya tarehe 1 Februari, yapata saa tatu usiku kwa saa zetu. Kazi za wateja zenyewe, yaani maandishi ya programu zao, zilikuwa zimewekwa mahali pengine, hivyo zilisalimika. Lakini kumbukumbu za saa zile sita na ushei zilipotea moja kwa moja: ziliguswa kumbukumbu za miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na akaunti mpya za wateja kama 700.

Na jambo lililonigusa zaidi ni hili. Kazi ya kurejesha waliionyesha moja kwa moja kwenye mtandao wa YouTube, maelfu ya watu wakiitazama. Baadaye wakaandika taarifa ndefu ya nini kilitokea na kwa nini, na katika taarifa hiyo fundi hakutajwa jina. Wala hakufukuzwa kazi. Walijiuliza swali gumu zaidi: kwa nini hapakuwa na mtu aliyepewa dhamana ya kujaribu nakala za akiba?

Ndugu wasikilizaji, linganisheni na yanayotokea kwetu. Namfahamu kijana mmoja, fundi hodari, aliyeagizwa na ofisi yake apandishe toleo la seva. Kabla hajaanza aliuliza kama akiba ipo. Akajibiwa ipo, tangu miaka mingi. Katikati ya kazi diski ikafa, na diski hufa. Alipofungua akiba akakuta mamia ya mafaili, kila usiku moja, yenye majina na tarehe zilizopangika vizuri, na ndani ya kila faili hamna kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ikishindwa kila usiku, lakini faili lenyewe lilikuwa likiundwa hata hivyo, tupu, kama bahasha ya mshahara isiyo na fedha. Kijana akaachishwa kazi juma lile lile. Mkubwa aliyesema akiba ipo, na ambaye hakuwahi kufungua hata faili moja, yupo kitini mpaka leo.

Je, ofisi ile imepata nini? Imempoteza mtu mmoja aliyekuwa anajua hasa kilichotokea. Na atakayekuja baada yake amekwisha jifunza kwamba akiona dosari, salama yake ni kunyamaza. Hivyo ndivyo tunavyopanda ajali ya pili kwa mbegu ya ile ya kwanza.

Sasa niseme kwa ufupi mambo ambayo naamini kila mwenye seva anaweza kuyafanya, awe na fedha au asiwe nazo.

Kwanza, kabla ya kupandisha toleo, chukua nakala ya akiba, halafu uifungue kwenye mashine nyingine. Si lazima iwe mashine mpya. Kompyuta kuukuu iliyokuwa ikikusanya vumbi stoo inatosha. Irejeshe hifadhidata humo, uhesabu kumbukumbu, utafute jina la mteja wa jana. Ukilipata, hiyo ni akiba. Usipolipata, umegundua tatizo ukiwa na nafasi ya kulitatua. Sisi pale kazini hufanya hivyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, zamu kwa zamu, hata anayejifunza kazi hupewa zamu yake.

Pili, panda ngazi kwa ngazi. Watunzaji wa Debian, moja ya familia kongwe za Linux, husema wazi kwamba usiruke toleo: aliye na la 10 aende la 11 kwanza, ndipo aende la 12. Na baada ya kupanda, usishtuke mapema. Katika Debian, kwa mfano, hifadhidata ya PostgreSQL ya toleo jipya huweza kusimikwa kando ya ile ya zamani, nayo mpya ikiwa tupu, mpaka wewe mwenyewe uhamishe yaliyomo. Nimewaona watu wakilia kwamba kumbukumbu zimepotea, kumbe zimo katika chumba cha jirani. Ole wake atakayefuta chumba cha zamani kabla ya kuchungulia!

Tatu, mashine ikigoma, soma kabla ya kugusa. Linux huandika daftari la matukio, na mara nyingi sababu ya kugoma imeandikwa humo kwa maneno machache. Angalia kama diski imejaa, maana hilo ni chanzo cha ugonjwa mara nyingi kuliko tunavyodhani. Badilisha kitu kimoja tu, utazame matokeo, uandike, ndipo uende kingine. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja, hata mashine ikipona, hatajua dawa ilikuwa ipi.

Nne, seva zako zisifanane usoni. Baada ya ajali ile, moja ya hatua ambazo GitLab walijiwekea ni kuubadilisha mstari wa amri kwenye kila mashine, ili fundi aone waziwazi yuko kwenye mashine ipi. Haigharimu hata senti. Na kazi ya kufuta, hasa usiku, hasa mtu akiwa amechoka, ifanywe na watu wawili: mmoja aandike, mwingine asome kwa sauti.

Tano, na hili nawaambia wakubwa. Msiridhike na kusikia kwamba akiba ipo. Ulizeni ni lini ilirejeshwa kwa mara ya mwisho, na ilirejeshwa na nani. Anayetunza seva apewe muda wa kazi hiyo katika saa za kazi, wala asiachiwe aifanye usiku wa manane kama mwizi. Na siku ajali ikitokea, muiteni fundi mezani, mumpe maji ya kunywa, mumuulize alichokiona. Adhabu ikianza kabla ya maelezo, maelezo hayatapatikana tena.

Fundi wa GitLab alitoa amri kwenye mashine siyo, na ni kweli. Lakini nakala za kila siku zilikuwa zimekwisha kukoma kabla hajagusa kitu, na angeweza kutokea mwingine yeyote, au diski tu kufa, na hasara ikawa kubwa zaidi. Yeye aliukuta ufa uliokuwa ukutani na hakuna aliyeutazama.

Kwa hiyo ndugu msikilizaji, kama una ofisi, chuo au chama chenye seva, kesho asubuhi usiulize kama akiba ipo. Omba ifunguliwe mbele yako, uione kwa macho.