Tuombe kwanza karatasi ya sheria

Maneno kwa wakulima, wavuvi na vijana wa Bukama



Mimi nimemaliza masomo ya université, kazi sina, lakini kusoma sheria naweza. Leo nawaletea habari za wakulima wa mbali, juu zinatugusa.

Kule Bolivia watu wa asili wanatafuna majani ya koka tangu mababu, kwa kuondoa njaa na uchovu. Mwaka 1988 serikali ikaweka sheria 1008: mashamba mengi ya Chapare yakawa ya kung’olewa, na askari wakatumwa. Wakulima wakajipanga katika sindika, kijiji kwa kijiji. Mwaka 1994 walitembea kwa miguu mpaka La Paz. Mwaka 2004 kila jamaa ikaruhusiwa kipande kidogo. Mwaka 2009 katiba mpya ikasema jani lenyewe si dawa ya kulevya. Kokeini ikabaki marufuku.

Hapa karibu, Uganda, walimaji wa miraa wa Wakiso walishitaki. Tarehe 5/5/2023 Mahakama ya Katiba ikafuta sheria iliyowabana. Si juu majaji wanapenda miraa, hapana! Ni juu wabunge walipitisha sheria bila kutimiza hesabu inayotakiwa. Mwezi wa 8 bunge likapitisha sheria ingine. Njo kusema: ukishinda, usilale.

Wandugu, sisemi tulime bangi. Nasema wale watu waliuliza: hii sheria imetoka wapi, na nani aliipitisha?

Sisi je? Mama anatoka Kisale na samaki. Bariyeri ya kwanza analipa, ya pili analipa. Akiomba karatasi, anaitwa mkaidi. Anafika soko, faida imebaki njiani. Lakini Katiba yetu ya 2006, artikle 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Na artikle 27 inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia wakubwa, peke yake ao pamoja na wengine, nao wanapashwa kujibu katika miezi 3.

Basi, kila soko na kila kivuko ichague watu watatu. Waandike: mahali, tarehe, makuta yaliyolipwa, karatasi ilitolewa ao hapana. Sisi wenye masomo tutaandika petisyo bure, tutaisoma mbele yenu mbele ya kutia sahihi, na tutahesabu ile miezi 3 pamoja.

Kidole kimoja hakivunji chawa.